Je, risasi hupanda ikishatoka mtutuni?

Wengi wanaolenga shabaha au kuwinda sungura kwa bunduki wameambiwa kwamba risasi ikitoka mtutuni hupanda kwanza, ndipo ianze kushuka. Imani hii ina mzizi: ukilenga kwa darubini, katika umbali fulani risasi hupiga juu ya ulipolenga.

Ukweli ni kwamba huanza papo hapo kuanguka chini ya mstari wa mtutu, yaani mstari ulionyooka kuelekea mtutu unakotazama. Chukua risasi ndogo ya .22 (kipenyo cha inchi 0.22 hivi), yenye kasi ya mita 330 hivi kwa sekunde. Ikifika mita 50 imeshashuka sentimita 12 hivi chini ya mstari wa mtutu. Mita 100, zaidi ya nusu mita. Kinachotudanganya ni darubini. Imekaa sentimita kama 4 juu ya mtutu, na tunapoirekebisha ili risasi ipige tunapolenga kwa umbali fulani, tunauinua mtutu kidogo bila kujua. Kwa hiyo risasi hukata mstari wa jicho kwenda juu, kisha huurudia ikishuka.

Ukiwa na bunduki ya bolti iliyokwisha kurekebishwa kwa mita 50, hakikisha haina risasi, chomoa bolti (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma), uilaze bunduki imara juu ya mifuko ya mchanga, darubini ikilenga alama iliyo mita 50. Chungulia ndani ya mtutu kwa nyuma, kisha kwenye darubini. Mtutu utauona unatazama juu kidogo ya alama. Kwenye uwanja wa shabaha, piga karatasi iliyo umbali wa mita 5: tundu litakuwa chini ya ulipolenga.

Asiye na bunduki atumie mpira wa kumwagilia bustani. Maji hupanda kwa sababu umeinua mdomo wake.