Sensa ya Throtoli: Pima Kwanza, Skrubu Baadaye

Gari likisitasita dereva anapoanza kukanyaga mafuta, au sailensi (mzunguko wa injini pedali ikiwa haijakanyagwa) ikipanda na kushuka bila sababu, lawama humwangukia mapema mno yule mdogo aliyefungwa ubavuni mwa throtoli, mlango wa hewa iingiayo kwenye injini, yaani sensa ya TPS, inayopima throtoli imefunguka kiasi gani. Mara nyingi skrubu zake hulegezwa kabla multimita, mita ya kupimia umeme, haijatolewa hata mfukoni. Mimi kama fundi umeme wa magari hufanya kinyume chake, kwa kuwa sensa nyingi ninazoletewa zirekebishwe huwa hazihitaji marekebisho: ama ni nzima na tatizo liko kwenye waya, ama zimekwisha kabisa na dawa yake ni kubadilishwa.

Ndani ya sensa ya kawaida yenye waya tatu kuna utepe wa kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Kidole hicho kimeunganishwa na ekseli ya bamba la duara lililo ndani ya throtoli, linalofungua na kufunga njia ya hewa, kwa hiyo bamba likizunguka, volti inayorudi kwenye kompyuta ya injini nayo hubadilika. Kwa volti hiyo kompyuta hujua mafuta yaongezwe lini, yakatwe lini gari linapoteremka bila kukanyagwa, na katika gari nyingi za otomatiki, gia zibadilike lini. Ndiyo maana ugonjwa unaofanana na wa giaboksi wakati mwingine huanzia hapa.

Washa swichi bila kuwasha injini, kisha pima ukiwa umeacha soketi imechomekwa. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, kando ya mpira wa kuzuia maji, wala usitoboe ganda la waya, kwa sababu tundu hilo dogo huingiza unyevu na baada ya muda shaba huota kutu ya kijani. Waya mmoja uwe na volti 5 au karibu sana na hapo. Waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi), ukipimwa dhidi ya nguzo hasi ya betri, usizidi volti 0.1. Kipimo hiki cha ethi hurukwa na wengi, ilhali ethi ikiwa na volti 0.3 ishara nayo hupanda ikiwa bamba limefungwa, na sensa nzima huonekana mbovu. Ethi ikikatika kabisa, ishara hukimbilia karibu na volti 5 na kompyuta huandika kosa P0123. Ishara ikiwa chini kupita kiasi, kosa huwa P0122.

Sasa hamia kwenye waya wa tatu, wa ishara, unaopeleka volti ya sensa kwenye kompyuta. Bamba likiwa limefungwa, gari nyingi huonyesha kati ya volti 0.4 na 0.9, na likifunguka lote, kati ya volti 4 na 4.7, ingawa kipimo halisi ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari hilo. Mwombe mtu akanyage pedali badala ya wewe kuzungusha throtoli kwa mkono. Ukipata volti 3.8 kwa pedali na 4.5 kwa mkono, sensa haina kosa. Kebo ya mafuta imelegea.

Hata hivyo, namba mbili za mwanzo na mwisho hazitoshi, na hapa ndipo ningeomba subira. Utepe wa kaboni haulikii sawasawa. Hulika zaidi pale bamba linapokuwa wazi kidogo tu, kwa kuwa gari hutumia muda mwingi zaidi katika hali hiyo. Fungua throtoli polepole sana huku ukitazama mita ya mshale: 0.6, 0.7, 0.9, kisha mshale unaanguka ghafla hadi 0.2 na kurudi kwenye 1.0. Mruko huo mmoja unatosha kuihukumu sensa. Mita ya namba huweza kuupitisha bila kuuonyesha, kwa sababu namba zake hubadilika mara chache tu kwa sekunde. Osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, ndiyo bora, lakini mshale wa mita ya zamani haudharauliki. Mruko usipoonekana, gonga sensa taratibu kwa mpini wa bisibisi na urudie.

Marekebisho yanawezekana tu ikiwa matundu ya skrubu za sensa ni marefu. Yakiwa ya duara, mtengenezaji hakukusudia irekebishwe, na nimeona watu wakiyachonga kwa tupa, jambo nisiloweza kulitetea. Kwanza safisha masizi yanayozuia bamba kufunga na uhakikishe kebo haivuti. Usiguse skrubu ya kuzuia bamba, ile inayoamua bamba liishie wapi likifunga, ili kupata volti unayoitaka, maana utakuwa umebadilisha kiasi cha hewa cha sailensi. Legeza skrubu za sensa kiasi kwamba igeuke kwa ugumu kidogo, igeuze hadi volti ifike, ikaze, kisha pima upya, kwa kuwa kukaza peke yake huisogeza. Achia throtoli ijifunge kwa nguvu mara kadhaa. Namba irudi palepale. Baadhi ya sensa zina pia swichi ya sailensi, ambayo hupangwa kwa fila geji (kibamba chembamba cha kupimia mwanya) kwenye skrubu ya kuzuia bamba, kwa unene uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Ukimaliza futa makosa, kwani kompyuta nyingine huendelea kukumbuka volti ya awali.

Throtoli ya umeme isiyo na kebo haina cha kurekebishwa. Hutoa ishara mbili, na katika nyingi moja hupanda nyingine ikishuka, hivyo jumla yake hubaki karibu na volti 5. Nyingine hutumia sumaku badala ya kaboni, na kuzipima ukinzani hakuna maana. Baada ya kusafishwa au kubadilishwa, hufundishwa upya kwa mashine ya uchunguzi au kwa utaratibu wa gari lenyewe. Bamba lake usilisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, kwa sababu mota huweza kulifunga kidole kikiwa bado ndani.