Kumbukumbu inayosinzia: jinsi chipu inavyobana umeme

Ndani ya prosesa ya simu kuna kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iitwayo SRAM. Kwa kawaida kila biti (yaani 1 au 0 moja) hukaa kwenye seli ya transista sita, ambazo ni swichi ndogo za umeme. Nne zimefungwa ziwe pande mbili zinazobanana: upande huu ukishika 1, ule unalazimika kushika 0. Mbili zilizobaki ni milango ya kusomea na kuandikia. Maadamu umeme upo, seli haisahau.

Shida iko kwenye huko kuhitaji umeme muda wote. Transista za siku hizi ni ndogo mno, na hata zikizimwa hupitisha umeme kidogo, kama bomba lililofungwa lakini bado linadondosha. Seli moja si kitu. Ila megabaiti 1 ni seli zaidi ya milioni 8, na zinavuja hata simu ikiwa mfukoni.

Dawa kali ni kuweka transista kubwa kati ya chanzo cha umeme na kundi zima la seli, kisha kuizima. Mvujo unapungua sana, lakini data nayo inapotea. Hilo halina neno kama nakala yake iko kwingine.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na kampuni ya ARM walieleza dawa ya upole zaidi: usikate umeme, shusha volti tu. Seli inasinzia, inaendelea kushika biti yake, ila haisomeki mpaka volti zirudishwe juu.

Wakati wa kusoma, mlaji mkubwa ni nyaya ndefu, mbili mbili, zinazopita kwenye seli nyingi. Hujazwa chaji kwanza, kisha seli inavuta volti za mmojawapo chini. Kikuza ishara, yaani sehemu inayolinganisha nyaya hizo mbili, hakisubiri waya ushuke wote. Tofauti ya takriban volti 0.1 inatosha kujua jibu, na mlango unafungwa hapo hapo. Chaji isiyomwagwa haihitaji kujazwa tena.

Kwa nini basi tusishushe volti daima, wakati nishati ya kila badiliko kati ya 0 na 1 hupungua kwa mraba wa volti (volti zikiwa nusu, nishati ni robo)? Kwa sababu transista hazitoki kiwandani zikiwa sawasawa, na kwa maoni yangu hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Seli dhaifu kuliko zote ndiyo inayopanga kikomo: volti zikishuka mno, kule kusomwa tu kunaweza kuigeuza 1 yake ikawa 0. Baadhi ya wabunifu huongeza transista mbili ili usomaji upite njia yake bila kuigusa biti, na wanailipia kwa nafasi kwenye chipu.