Kifua kikuu hakirithiwi

Barazani Wete, mzee akikohoa mwezi mzima hukosi kusikia: "Hicho kifua cha kwao, hata babake alikufa nacho." Si kweli, na kauli hiyo huwachelewesha watu hospitali mpaka wakaisha mwili.

Hata Ulaya wengi waliamini kinarithiwa, hadi Machi 24, 1882, daktari wa Kijerumani Robert Koch alipotangaza mjini Berlin kwamba chanzo chake ni bakteria. Mwaka 1917 madaktari wa Marekani wakaanzisha jarida la maradhi hayo peke yake, American Review of Tuberculosis. Streptomaisini ikagunduliwa 1943, zikafuata dawa nyengine, wagonjwa wakawa wanapona. Jarida nalo likapanuka: kufikia 1959 kifua kikuu kilishatoka kwenye jina lake, yakaingia maradhi yote ya upumuaji.

Basi mbona hushika nyumba moja? Tazama chumba chenyewe: watu sita, dirisha limezibwa kwa kanga kuzuia baridi ya kusi, na babu anakohoa usiku kucha. Wote wanavuta hewa ileile.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, mpelekeni akapimwe makohozi. Dawa, kwa kawaida za miezi sita, hutolewa bure.