Mwili hauzoei antibiotiki

Tangu utotoni tumesikia: “Mwili wake umeshazoea dawa.” Kwa antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, sivyo. Usugu ni wa bakteria, si wa mwili. Methisilini, mojawapo ya antibiotiki, ilianza kutumika 1959. Kufikia 1961 Uingereza ilikuwa imeripoti stafilokoka, aina ya bakteria, sugu kwa dawa hiyo. Na bakteria hao huweza kukaa puani mwa mtu mwenye afya tele, bila homa wala kidonda, kisha wakahamia kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani kupitia mikono ya wahudumu. Ndiyo maana huko Uholanzi, aliyelazwa karibuni hospitali ya nje ya nchi, anapolazwa tena huko, huchukuliwa sampuli puani na kooni kwa kijiti chenye pamba, akakaa chumba cha peke yake hadi majibu ya maabara yatoke. Haadhibiwi, wala hadhaniwi mchafu. Wanalindwa waliofanyiwa upasuaji jana.