Rousseau Yupi? Maombi ya Picha Yanahitaji Jina Kamili na Miaka

Tangu muhula uanze, dawati letu la rejea limepokea maombi mengi yenye neno moja tu: "Rousseau". Malalamiko nayo yameongezeka, kwamba maktaba inatoa picha zisizohusika. Picha hazina kosa. Maombi ndiyo hayajitoshelezi.

Aliyeandika kitabu cha siasa Du contrat social mwaka 1762 ni Jean-Jacques Rousseau (1712–1778). Huyu ni mwanafalsafa, mzaliwa wa Geneva, na tangu 1794 mabaki yake yamo Panthéon, jengo la makaburi ya watu mashuhuri wa Ufaransa, Paris. Tunaomba jambo hili lieleweke: hakuchora simbamarara.

Simbamarara ni wa Henri Rousseau (1844–1910), aliyekuwa mtoza ushuru wa bidhaa zinazoingia Paris. Mchoro wake Surpris! wa 1891 uko National Gallery, London: mnyama ametoa meno, nyasi zimelazwa na upepo, na mvua imechorwa kwa michirizi myembamba ya mshazari iliyofunika turubai nzima. Wapo wanaosisitiza kwamba misitu aliyoichora aliiona akiwa askari Mexico. Hakufika huko. Hakutoka Ufaransa kabisa. Mimea aliitazama katika bustani ya Jardin des Plantes, Paris.

Wa tatu ndiye anayesahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndiye anayestahili kusomwa zaidi na vijana wetu wa uhifadhi. Théodore Rousseau (1812–1867) alichora mialoni ya msitu wa Fontainebleau, akahamia kijiji cha Barbizon pembeni yake. Waamuzi wa maonyesho rasmi ya Paris walizikataa kazi zake mwaka baada ya mwaka. Alipoona miti mikongwe inakatwa, mwaka 1852 aliiandikia serikali kuitetea. Mwaka 1861 amri ya Napoleon III, mfalme mkuu wa Ufaransa, ikatenga zaidi ya hekta 1,000 za msitu huo zihifadhiwe, miaka 11 kabla ya hifadhi ya taifa ya Yellowstone kule Marekani.

Kuchangia jina hakuwafanyi kuwa ukoo mmoja. Swali hilo tumelijibu mara nyingi.

Sasa utaratibu. Andika jina la ukoo, koma, jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, kisha jina la mchoro. Miaka si pambo: yupo pia Henri Émilien Rousseau (1875–1933), mzaliwa wa Cairo, mchoraji wa wapanda farasi wa Afrika Kaskazini. Fomu isiyo na miaka itarudishwa kwa mwombaji. Ikirudi mara ya pili bila marekebisho, ombi litafutwa na mwombaji ataanza upya mwisho wa foleni. Atakayechapisha picha yetu kwa jina la mtu mwingine atatakiwa kuirekebisha kwa maandishi kabla ya kupewa nyingine. Kwa sasa masharti haya yanahusu picha pekee. Uazimaji wa vitabu unaendelea kama kawaida.