Mchwa na sange: ukoo wao na hali yao ya uhifadhi

Ukimwona sange katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, utadhani ni panya mkubwa mwenye pua ndefu. Pua hiyo haitulii: inachokonoa majani makavu huku na huku ikitafuta mchwa na mbawakawa. Ukimkaribia anatimka, na kinachobaki machoni ni kiraka cha manyoya ya dhahabu matakoni. Kiraka hicho ndicho kilichompa jina la kisayansi, Rhynchocyon chrysopygus.

Kuainisha viumbe ni kuwapanga kwa ukoo, si kwa sura. Mchwa na sange wote ni wanyama, ila wanaachana mapema. Mchwa yumo katika faila, yaani kundi kubwa, ya Arthropoda (wenye miguu ya viungo), na ndani yake kundi dogo zaidi, ngeli ya wadudu. Sange yumo katika Chordata, ngeli ya mamalia: ana uti wa mgongo na hunyonyesha watoto wake. Tukifika kwenye oda, kundi lililo ndani ya ngeli, ndipo macho yanapotudanganya zaidi. Mchwa tunamdhani ndugu wa sisimizi, kumbe siku hizi amewekwa oda moja na mende, Blattodea. Sange naye si panya wala kirukanjia. Ana oda yake, Macroscelidea, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 uchunguzi wa vinasaba unamweka upande wa tembo, pimbi, nguva na muhanga. Mimi hilo bado linanishangaza kila nikilifikiria.

Hali ya uhifadhi ni jambo jingine. Haifuati ukoo, hupimwa spishi moja moja, kwa idadi yake, eneo lililobaki na kasi ya kupungua. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, iliyoanza mwaka 1964, sange wa Arabuko-Sokoke yumo daraja la walio hatarini kutoweka, kwani ngome yake kuu ni msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, unaokatwa miti na kutegwa mitego. Jamaa yake wa milima ya Udzungwa, Tanzania, aliyetambulishwa kama spishi mpya mwaka 2008, yuko daraja moja chini yake kwa hatari.

Mchwa je? Spishi zinazojulikana zinakaribia 3,000, na nyingi zimeandikwa "haijatathminiwa". Watu husoma neno hilo kama "salama", na hapo ndipo kosa lilipo. Kumbikumbi wakiruka mvua ya kwanza, watoto wakiwakinga kwa beseni chini ya taa, nani atafikiria kuwahesabu? Lakini neno hilo lina maana moja tu: hakuna aliyepima bado.