Kofia iko mezani: mitandao ya neva na mpangilio wa vitu pichani

Juzi nilikuwa napitia majibu ya modeli ninayoifundisha kueleza uhusiano wa vitu vilivyomo pichani. Nikafika kwenye picha ya mwanamume aliyeketi mezani, kofia yake ameivua na kuiweka karibu na kiwiko. Modeli ilimtambua mwanamume, meza ikaijua, na kofia ikaizungushia kisanduku barabara kabisa. Kisha ikaandika: mwanamume amevaa kofia.

Nikaikata ile kofia kwa programu ya kuhariri picha, nikaibandika sakafuni. Amevaa. Nikaipandisha hadi kona ya juu, ikawa inaelea peke yake. Amevaa.

Kosa hili linaniuma, kwa sababu ndilo kiini cha kazi yangu. Kujua kwamba vitu vipo ni jambo moja. Kujua vimekaaje ni jambo jingine, na mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano kama modeli yangu, unaweza kulimudu la kwanza bila kuligusa la pili.

Sehemu ya chanzo iko katika jinsi mitandao hii inavyoundwa. Picha ya rangi ya pikseli 224 kwa 224 huingia kwenye kompyuta kama namba 150,528, yaani tatu kwa kila pikseli. Mtandao wa konvolusheni, aina ya mtandao wa neva inayotumika sana kwa picha, hupitisha juu yake vichujio vidogo, yaani vidirisha vya hesabu, aghalabu vya 3 kwa 3. Tabaka za mwanzo hushika kingo na rangi, za kati hushika nakshi, za juu hushika sehemu kama jicho au gurudumu. Ngazi hii ya tabaka ni wazo la zamani. Mtafiti Kunihiko Fukushima aliijenga katika mtandao wake, Neocognitron, mwaka 1980. Lakini njiani mna hatua ya kupunguza: katika kila kundi la namba nne hubaki ile kubwa, nyingine hutupwa. Faida yake ni kwamba paka akisogea kidogo kushoto bado ni paka. Hasara yake ni kwamba habari ya mahali huvuja kidogo kidogo, na mwishoni mitandao mingi hupiga wastani wa gridi yote ya namba zilizobaki, mpangilio ukafutika karibu wote.

Mwaka 2019 watafiti Wieland Brendel na Matthias Bethge walilipima jambo hili kwa njia ninayoipenda sana. Waliunda mtandao unaotazama vipande vya pikseli 33 kwa 33 tu, kila kipande kikipiga kura yake bila kujua kimetoka upande gani wa picha. Kura zikajumlishwa. Kwenye ImageNet, mkusanyiko mkubwa wa picha zenye majina unaotumika kama mtihani, jina sahihi lilikuwa ndani ya makisio matano ya kwanza kwa asilimia 87.6 ya picha. Maana yake, mtihani ule tuliokuwa tukiutumia kupima kuona kwa mashine hauhitaji sana kujua kilipo kila kitu. Na mtandao haujifunzi kisichohitajika.

Zimekuwapo juhudi za kuurudisha mpangilio ndani ya mitandao. Mwaka 2017 Sara Sabour, Nicholas Frosst na Geoffrey Hinton walipendekeza kapsuli: badala ya namba moja inayosema "pua ipo", kunakuwa na vekta, yaani kundi la namba linaloweza kuchorwa kama mshale, ambayo urefu wake unasema ipo kwa kiasi gani, na mwelekeo wake unasema imekaaje. Hazikuenea, ila swali lao naliona ni sahihi hadi leo. Transfoma za picha nazo, aina nyingine ya mitandao ya neva iliyoanza kushika kasi mwaka 2020, hukata picha ile ile ya 224 katika vipande 196 vya 16 kwa 16, kisha kila kipande kinaweza kukitazama kingine chochote tangu tabaka ya kwanza. Hapo kuna jambo ambalo wanafunzi wangu huliruka: ukiondoa alama za mahali zinazoongezwa kwa kila kipande, vipande hivyo ni kama karata zilizochanganywa, na mtandao hauna njia ya kujua kipi kilikuwa juu ya kipi. Mpangilio lazima upewe mkononi.

Nirudi kwenye kofia, maana modeli yangu ilikuwa na alama za mahali na bado ikakosea. Tatizo lake lilikuwa kwenye data. Kazi ya kuchora grafu ya mandhari, ambamo vitu ni vifundo na uhusiano ni mishale, hufunzwa zaidi kwa Visual Genome, mkusanyiko wa picha zaidi ya 108,000. Rowan Zellers na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba ukijua majina ya vitu viwili tu, ukataja uhusiano unaojirudia zaidi kati ya majina hayo, unapata alama za juu mno. Mtu na kofia? Amevaa. Kwa nini modeli ijisumbue kutazama?

Kwa hiyo nimebadilisha mambo mawili. Katika sehemu ya mafunzo nayaficha majina, modeli ipate pikseli na vipimo vya visanduku pekee: umbali kati ya vitovu, uwiano wa ukubwa, kiasi cha kupandana. Pia nakusanya jozi zinazopingana, watu na kofia zilizovaliwa, zilizotundikwa, zilizoanguka. Na kila toleo sasa linapita kwenye jaribio la kuhamisha: nasogeza kitu kimoja, jibu lisipobadilika toleo hilo silipokei.

Kofia ya mezani sasa inasomwa vizuri, na ya sakafuni pia. Inayonishinda ni ile ambayo mtu ameishika kifuani kwa mikono miwili. Kisanduku chake kimezama ndani ya kisanduku cha mtu sawa na iliyovaliwa, vidole vinaifunika nusu, na modeli inayumba kati ya "ameshika" na "amevaa". Visanduku havitoshi hapo. Wiki hii naanza kuifunza kwa mipaka ya pikseli kwa pikseli, nione kama itaweza kutofautisha ukingo wa kofia unaogusa vidole na ule unaogusa nywele.